Elimu kwa Wananchi: Kuifufua Cherehani Kongwe ya Kushonea Ngozi

Mafundi wa viatu, mikoba na mishipi walioko Unguja na Pemba, pamoja na wakaazi wote wenye cherehani kongwe za kushonea ngozi, wanatanabahishwa juu ya jambo linalowatia hasara pasina ulazima. Cherehani za aina hiyo zilizokwama kwa kutu, au kwa kukaa miaka mingi bila ya kutumiwa, huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ilhali mara nyingi kasoro yao kubwa ni mafuta yaliyogandia ndani. Muuzaji hupata fedha za kutumia siku mbili tatu, naye amepoteza chombo ambacho kingeweza kumlisha yeye na wanawe. Maelezo haya yamekusudiwa kumwezesha mwenye cherehani kuamua kwa ujuzi, kabla ya kuita mizani, iwapo chombo chake kimekufa au kimelala tu.

Kwa mkaazi wa Pemba, soko la bara lililo karibu kwa vyombo vya aina hii ni Tanga. Mji huo ulikuwa lango la mkonge na mwanzo wa reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, na mitaa yake ya Ngamiani ingali inajulikana kwa mafundi wake. Neno lenyewe cherehani linatukumbusha bahari: linahusishwa na charkh ya Kiajemi, yaani gurudumu, na ndugu yake ni cherehe, lile jiwe la mviringo la kunolea visu. Ni haki, basi, kuanza uchunguzi wa cherehani kwa gurudumu lake.

Cherehani ya ngozi inayoonekana zaidi katika vibaraza vya mafundi wa viatu ni Singer ya namba 29K, au nyingine iliyoigizwa kwayo. Herufi K ni ya Kilbowie, kiwanda cha kampuni hiyo huko Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa katika miaka ya 1880 na kufungwa mwaka 1980. Umri wake hujulikana kwa namba iliyogongwa kwenye chuma. Namba inayotanguliwa na herufi Y ni ya miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930. Zile zinazotanguliwa na herufi mbili, ya kwanza ikiwa E, zilianza katikati ya miaka ya 1930. Kwa hiyo si ajabu kwa mjukuu kushonea cherehani aliyoirithi babu yake, na bado ikawa na nguvu.

Tofauti yake na cherehani ya nguo ni kubwa. Mkono wake wa chini ni mrefu na mwembamba, nao huingia ndani ya kiatu hadi kwenye kidole. Haina meno ya kusukuma kitambaa kutoka chini. Mguu wa juu wenyewe ndio unaonyanyuka, kushika ngozi na kuivuta. Tena mguu huo huzungushwa upande wowote, hata fundi akashona kwenda mbele, kando au nyuma bila ya kukigeuza kiatu. Asiyelijua hilo huona mguu unacheza akadhani umevunjika.

Uchunguzi wa kwanza ni wa macho. Mwili wa cherehani ni wa chuma cha kusubu, na chuma hicho hakipindi, hupasuka. Ufa katika mkono mrefu wa chini, au katika shingo, ni sababu ya kutosha ya kuacha kununua, kwa kuwa kukichomelea chuma cha kusubu ni kazi ya fundi maalumu na aghalabu mkono hurudi umepinda. Kutu ya juu juu isimtishe mtu. Maua ya dhahabu yaliyofutika nayo yasimtishe, hayashoni.

Uchunguzi wa pili ni wa mkono. Gurudumu lishikwe na kusukumwa taratibu mbele na nyuma. Likikataa kabisa, hiyo ni habari njema kuliko anavyodhani mnunuzi, maana iliyoganda hufunguka. Ya kuogopwa ni ile inayozunguka kwa wepesi mno huku ikigongagonga. Ndani ya mkono wa chini umepita ufito mrefu wa chuma wenye meno mwishoni. Meno hayo huendesha gia ndogo, na gia hiyo ndiyo inayokipeleka na kukirudisha kile kichuma chenye ncha kilichobeba bobini. Meno yakiwa yamelika, gurudumu huenda sehemu ya mzunguko kabla ya kichuma kuanza kutikisika. Mchezo mdogo huvumilika. Ukiwa mkubwa, cherehani itaruka mishono kila siku na hakuna mafuta yatakayoiponya. Itahitaji vipuri, na bei ya vipuri hivyo yapasa ijulikane kabla ya kulipa bei ya cherehani.

Ikishathibitika kwamba mwili ni mzima, kazi ianze kwa subira. Nyundo haina nafasi hapa, wala koleo la kulazimishia gurudumu. Bobini na sindano zitolewe kwanza. Kisha kila tundu la mafuta, na kila mahali chuma kimoja kinapoteleza juu ya kingine, patiwe mafuta ya taa matone machache kwa brashi, na cherehani iachwe usiku mzima. Kesho yake patiwe tena. Pwani tuna msaidizi asiyelipwa, naye ni jua: cherehani ikiwekwa juani adhuhuri mpaka chuma kikapata moto, mafuta yaliyoganda hulainika na mafuta ya taa hupenya ndani zaidi. Kazi hiyo ifanyiwe uwanjani, mbali na jiko na sigara. Baadhi ya cherehani hufunguka siku ya pili, nyingine baada ya wiki. Gurudumu likianza kutikisika hata kwa upana wa ukucha, lisukumwe mbele na nyuma pole pole huku mafuta ya taa yakiongezwa, na uchafu mweusi unaotoka upanguswe kwa kitambaa mpaka utoke mweupe.

Mafuta ya taa ni ya kuoshea, si ya kulainishia. Yakikauka huacha chuma kitupu, na chuma kitupu katika hewa ya chumvi hupata kutu baada ya muda mfupi. Kwa hiyo, mara baada ya kuosha, yafuate mafuta ya cherehani yaliyo mepesi. Hapa yapo makosa yaliyoenea mwambao mzima, nayo ni kutumia mafuta ya nazi au ya kupikia. Mafuta ya nazi huganda hewa ikishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi, na mafuta ya kupikia, kila aina, hunata kadiri yanavyokaa na hewa. Katika cherehani nyingi zinazosemwa kuwa zimekufa, gundi inayopatikana ndani si kutu bali ni mafuta ya jikoni.

Kutu ya nje iondolewe kwa stilwaya laini iliyotiwa mafuta. Msasa mkali usikaribie kabisa mahali pa bobini, kwa sababu mkwaruzo mmoja ndani ya njia ya kile kichuma hukata uzi. Anayetaka kuyahifadhi maua ya dhahabu asiyapake spiriti, maana huyafuta pamoja na rangi yake. Kitambaa chenye mafuta ya cherehani chatosha.

Baada ya hapo hupimwa mwendo wa sindano na wa kichuma cha bobini. Kanuni ni moja katika cherehani zote za mshono wa kufunga. Sindano hushuka mpaka mwisho, kisha ikianza kupanda, takriban milimita 2, uzi wake hufanya kitanzi kidogo. Wakati huo huo ncha ya kichuma inapasa ipite karibu mno na sindano, juu kidogo ya tundu lake, ikidake kitanzi hicho. Ncha ikichelewa au ikiwahi, mshono huruka. Lakini kabla ya fundi kulegeza skrubu yoyote ili arekebishe mwendo huo, naabadilishe sindano. Sindano za cherehani ya nguo hazina urefu unaotakiwa na cherehani ya ngozi, na wapo waliovuruga mashine nzima iliyokuwa timamu, kosa likiwa ni la sindano tu. Za 29K zina namba zake: 29x3 ni ya ncha ya mviringo kwa turubai na nguo nzito, na 29x4 ni ya ncha ya kukata, kwa ngozi. Mfuo mrefu wa sindano ukae upande ule unaoingilia uzi.

Kutia uzi katika cherehani hii huwashangaza wengi. Uzi hauzungushwi kwa nje tu. Hupitishwa ndani ya chuma cha sindano, ambacho kina uwazi kama mrija, na huvutwa kwa waya mrefu mwembamba wenye ndoana. Waya huo huuzwa pamoja na cherehani, nao ndio wa kwanza kupotea. Fundi anaweza kutengeneza mwingine kwa waya wowote mwembamba ulio mgumu.

Kwa uzi wenyewe, pamba haifai kwa makubadhi. Jasho na maji ya bahari huuozesha, na kiatu hurudi kwa fundi ngozi ikiwa ingali nzima. Nailoni ni imara ila jua huidhoofisha. Poliesta hustahimili jua zaidi, hivyo ndiyo bora kwa viatu vya kila siku. Wala isidhaniwe kwamba uzi mnene zaidi ndio imara zaidi, kwani bobini ya cherehani hii ni ndogo na njia yake ni nyembamba, na uzi uliopita kiasi hukwama. Mishono 6 hadi 8 kwa inchi yatosha. Ikibanana zaidi, sindano ya kukata huichana ngozi mstari mzima mithili ya kingo za stempu, na mkanda wa kubadhi hukatika papo hapo. Fundo la mshono litafutwe katikati ya unene wa ngozi: likionekana juu, uzi wa juu umekazwa mno, likionekana chini, umelegea.

Mkanda wa ngozi wa kanyagio ukiteleza, ukatwe kidogo na kuungwa upya kwa kikulabu chake, usipakwe grisi. Mishono ya mwanzo ishonwe juu ya vipande vya ngozi visivyo na thamani, mpaka mafuta yaliyozidi yakome kutia madoa.

Kwa asiyepata kongwe iliyo nzima, zipo cherehani mpya za mkono kutoka China zilizoigiza umbo hili. Bei yake ni ndogo na huweza kazi nyepesi, lakini kingo za vyuma vyake aghalabu hazikusuguliwa vyema, na yapasa fundi azipitishie tupa laini kabla ya kuzitumia. Vipuri vyake visinunuliwe kwa kudhani vitaingia katika Singer, vilinganishwe kwanza. Wanaohitaji kufunzwa wanaweza kuulizia SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, na vyuo vya VETA vilivyoko Tanzania Bara, na kwa Zanzibar, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali.

Limebaki suala la kuvuka bahari, ambalo linawahusu zaidi wakaazi wa visiwani. Cherehani iliyofufuliwa kwa wiki nzima inaweza kuharibika kwa safari moja ya chombo kutoka Tanga hadi Pemba, endapo itapandishwa ikiwa wazi. Kabla ya safari, sindano itolewe, mguu ushushwe juu ya kipande cha ngozi, na kila chuma kinachong'aa kipakwe grisi. Kichwa kitenganishwe na meza yake, kifungwe kwa gunia kisha kwa nailoni, kisilazwe juu ya gurudumu wala juu ya mkono mrefu, na kiwekwe mahali pasipofikiwa na mawimbi. Kikifika, nailoni iondolewe siku hiyo hiyo, kwa kuwa hufungia unyevu ndani. Nyumbani cherehani ifunikwe kwa kitambaa tu. Chumvi ipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa, chuma kikaushwe, kitiwe mafuta, na gurudumu lizungushwe kila siku kwa wiki ya mwanzo, hata kama hakuna kiatu cha kushona.