SOMO LETU: HESABU IKIMWANGUSHA MTOTO, JE, SAYANSI IMEFUNGWA?



Kila mwaka matokeo ya kidato cha 6 yanapotoka, wanachama hutuletea swali lile lile. Mtoto amefaulu Biolojia na Kemia, Hesabu imemwangusha. Je, bado anaweza kusoma sayansi Chuo Kikuu? Wengine hutufikia wakiwa wamekwisha kukopa katika chama cha akiba na mikopo ili mtoto arudie mwaka mzima. Basi leo tujifunze jinsi vyuo vinavyohesabu alama, maana deni la ada hukatwa katika mshahara ule ule wa miwa na chai.

Hapa Uganda, anayetoka kidato cha 6 na kutaka shahada anadaiwa, pamoja na cheti chake cha kidato cha 4, awe amefaulu masomo 2 kwa daraja kuu, ambalo wanafunzi huliita prinsipo, tena katika mtihani wa mara moja. Daraja kuu ni alama A mpaka E. Alama O ni daraja dogo tu, na F ni kushindwa. Hayo maneno "mtihani wa mara moja" wazazi wengi huyapita haraka. Aliyepata prinsipo ya Biolojia mwaka huu, kisha akafanya Kemia peke yake mwaka unaofuata, hana prinsipo mbili za kuingilia chuo. Kama ni kurudia, ayarudie masomo yote mawili pamoja. Tumeona fedha nyingi zikipotea kwa sababu hiyo moja.

Sasa tuje kwenye mahesabu. Alama A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, O ni 1, F haina kitu. Mitihani midogo, yaani Maarifa ya Jumla pamoja na Hesabu ndogo au Kompyuta, kila mmoja huleta pointi 1 mtoto akifaulu. Lakini vyuo vikuu vya serikali havijumlishi tu. Kila kozi hupanga masomo kwa uzito. Masomo ya lazima huzidishwa kwa 3, yanayohusiana na kozi huzidishwa kwa 2, yanayofaa huzidishwa kwa 1, na mengine huhesabiwa nusu.

Tuchukue binti wa mfanyakazi aliyesoma Biolojia, Kemia na Hesabu. Biolojia amepata B, Kemia C, Hesabu O, na mitihani midogo yote miwili amefaulu. Anaomba kozi ambayo Biolojia na Kemia ni za lazima, na Hesabu inahusiana tu. Biolojia ni 5 mara 3, yaani 15. Kemia ni 4 mara 3, yaani 12. Hesabu ni 1 mara 2, yaani 2. Ongeza 2 za mitihani midogo, jumla 31. Kwa kuwa ni msichana, vyuo vya serikali vitamwongezea pointi 1.5, utaratibu ulioanza mwaka 1990, naye atafika 32.5. Hesabu imempunguzia pointi, lakini haikumfungia mlango. Kama atapata nafasi au la, hilo litategemea kiwango cha mwisho cha kozi hiyo mwaka huo, nacho hubadilika kila mwaka.

Binti huyo huyo akiomba uhandisi Makerere, mambo ni mengine. Huko Hesabu na Fizikia ndizo za lazima, na O ya Hesabu haitoshi. Kwa udaktari, masomo ya lazima ni Biolojia na Kemia. Kwa hiyo msiulize kwanza, "Mtoto ameshindwa somo gani?" Ulizeni, "Somo hilo limekaa wapi katika kozi anayoitaka?" Na swali hilo liulizwe mtoto akiwa bado kidato cha 4, anapochagua masomo matatu ya kuendelea nayo, wala lisingoje matokeo.

Yapo mafunzo mengine katika mfano wetu. Binti akikazana akapandisha Biolojia kutoka B mpaka A, atapata pointi 3 zaidi. Akipandisha Hesabu kutoka O mpaka D, atapata 4. Na walimu watawaambia kwamba kutoka B kwenda A ni kazi ngumu mno. Watoto hupenda kusoma lile wanalolijua, kama sisi tunavyopenda kuchuma safu yenye majani mengi. Afadhali saa za jioni ziende kwenye somo linalolegea.

Mara nyingi udhaifu wenyewe ulianza kidato cha 2, kwenye sehemu na milinganyo, ukafunikwa. Wala Hesabu haikwepeki kwa kukimbilia Kemia. Wenzetu wa maabara ya kiwanda cha sukari wanajua kwamba juisi ya miwa hutiwa chokaa ili kupunguza ukali wa asidi. Kipimo chake kikishuka kutoka 7 mpaka 6, asidi imezidi mara 10, si kidogo tu kama tarakimu inavyodanganya. Hiyo ni Hesabu ndani ya Kemia.

Aliyepata prinsipo 1 na madaraja madogo 2 anaweza kuomba stashahada. Vyuo vya ufundi vya serikali, kama Elgon kule Mbale na Kichwamba karibu na Fort Portal, hufundisha uhandisi kwa ngazi hiyo, na mwenye stashahada nzuri huomba shahada kwa mlango wake. Kwa maoni yetu njia hii inadharauliwa bure. Viko pia vyuo vikuu vyenye cheti cha maandalizi cha mwaka mmoja. Kabla ya kulipa, ulizeni kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kama cheti hicho kimeidhinishwa. Na mtu anayeahidi "nafasi" kwa fedha za mkononi, msimpe hata shilingi.

Nasi wenyewe tusijisahau. Mwenye miaka 25 na zaidi anaweza kuingia kwa mtihani wa watu wazima. Makerere huwapima watahiniwa uwezo wa jumla na ujuzi wa fani wanayoiomba. Anayependa kurudia kidato cha 6 kama mtahiniwa wa binafsi akumbuke kwamba mtihani huanguka Novemba na Desemba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatupa siku 7 za likizo kwa kila miezi 4 ya kazi, zitunzeni.

Maswali ya kujadiliana tawini: Binti wa mfano wetu angepata E ya Hesabu badala ya O, jumla yake ingekuwa ngapi? Mkataba wetu wa pamoja unasema nini juu ya likizo ya mitihani, na kama hausemi, nani atalipeleka jambo hilo mezani?