SOMO LA MWEZI: DIVAI YA WARIDI SI JUISI



Vikundi vyetu vingi hapa Kangari vina sufuria, sahani na hema za kukodisha, na kina mama hupika kwenye harusi na ruracio. Siku hizi mwenye sherehe huleta pia divai ya rangi ya waridi, ile ya pinki, akisema, "Mtatugawia." Katika karamu moja nilimwona kijana wa kuhudumu akiimimina kwa meza ya watoto. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani ni juisi! Tulikimbia kuondoa vikombe. Kwa hivyo tujifunze.

1. Ni kitu gani?
Hutoka kwa zabibu nyekundu au nyeusi. Maji ya zabibu nyingi hayana rangi. Rangi iko kwa maganda. Maganda yakikaa ndani siku kadhaa, unapata divai nyekundu. Yakitolewa baada ya saa chache, unapata ya waridi. Kisha hamira hula sukari na kuigeuza kileo.

2. Ni zabibu gani?
Ile tamu inayojulikana sana ni ya zabibu ziitwazo Zinfandel, za California, Marekani. Mwaka wa 1975, katika kiwanda cha Sutter Home, hamira iligoma kabla sukari haijaisha. Divai ikabaki tamu na ya pinki, na watu wakaipenda. Lakini utamu usikudanganye: huwa na kileo karibu asilimia 10, mara mbili ya bia ya kawaida.

Hata jirani zetu wamelima zabibu: Naivasha wamepanda aina ya Shiraz, na Dodoma wamisionari wetu walianzisha kilimo hicho miaka ya 1950. Lakini kule ni kukavu. Kwetu kwa majani chai, mvua na baridi huleta ukungu kwa mizabibu, basi kikundi kisikimbilie kupanda.

3. Iliwe na nini?
- Tamu: pilau yenye pilipili, kuku wa viungo, matunda.
- Isiyo tamu: kuku choma, samaki, mukimo na mbuzi. Usiipeleke na keki. Sukari ya keki huifanya ionekane chungu.
- Zote hunywewa baridi. Kama hakuna friji, weka chupa kwa beseni la maji na barafu.

4. Tugawe namna gani?
Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 5. Wanywaji 40, glasi moja kila mtu, ni chupa 8. Mtu mzima mmoja ashike zamu ya divai, na ikae meza yake peke yake. Wasipewe walio chini ya miaka 18, madereva, wajawazito na wanaotumia dawa. Maji na soda viwe kwa kila meza. Na kikundi kisiuze kileo bila leseni. Sheria ya mwaka 2010 inakataza.

Kule Kana, mkuu wa karamu hakujua divai ilitoka wapi, lakini wahudumu walijua. Nasi tunaohudumu tujue tunachomimina.

Maswali ya kujadiliana
1. Katika kikundi chetu, nani atashika zamu ya divai?
2. Mwenye sherehe akisema, "Wapeni tu wote," tutamjibu nini kwa heshima?