KOFIA NANE ZA IDI: MAFUNZO NILIYOYAPATA KATIKA BIASHARA YANGU NDOGO



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba wake. Ama baad.

Wanafunzi wapendwa, na nyinyi wazazi mtakaosomewa ukurasa huu nyumbani, mnanijua kuwa mwalimu wa Fiqhi na Akhlaq. Wengi wenu mnajua pia kwamba jioni nadarizi kofia kwa mkono hapa Namswea. Leo nitawafundisha kutokana na makosa yangu mwenyewe, kwani mwalimu naye ni mwanafunzi.

Kisa chenyewe

Mwaka mmoja, miezi mitatu kabla ya Idil-Fitri, wazazi wanane waliniagiza kofia za watoto wao. Tulipatana Sh 30,000 kwa kila kofia, nusu ilipwe kabla. Nikapokea Sh 120,000. Furaha ikanizidi, nikanunua bati za nyumba. Sikununua hata uzi.

Kofia ya mkono haina njia ya mkato. Unakunja kitambaa cheupe, unachora maua kwa penseli, unatoboa tundu moja moja kwa sindano na kuzizungushia uzi. Mimi, baada ya vipindi na kazi za nyumbani, humaliza kofia moja kwa wiki tatu. Wiki kumi na mbili zilinitosha kofia nne tu. Hesabu hiyo ndogo, ambayo mtoto wa darasa la tatu angeifanya, mimi sikuifanya.

Wateja walipokuja kuulizia nikawaambia, "Imebaki kidogo tu." Haikuwa kweli. Nyingine sikuwa hata nimezianza. Nilikesha, nikafikisha kofia tano. Ya tano niliiharakisha, mshono ukaenda upande, nikauficha kwa ndani.

Wiki ya mwisho ya Ramadhani, darasani tulikuwa tunarudia somo la alama za mnafiki: akizungumza husema uongo, akiahidi hatimizi, akiaminiwa hufanya hiyana. Mtoto mmoja, ambaye kofia yake sikuwa nimeigusa, akanyoosha mkono. Akauliza bila ubaya wowote, "Mwalimu, na fundi akisema kesho, halafu kesho haifiki, naye yumo?"

Sikuweza kumjibu. Niliwaambia wafunge madaftari.

Jioni ile nilikwenda kwa wazazi watatu ambao kofia zao hazikuwapo. Nilisema ukweli, nikaomba radhi. Wawili walikubali kungoja. Wa tatu, bibi anayemlea mjukuu wake, akasema, "Mwalimu, fedha ile niliitunza tangu nilipouza kahawa. Nirudishie." Nilikuwa sina. Nilikopa kwa dada yangu, nikamrudishia bibi Sh 15,000 zake kabla ya Idi. Kisha nikamfuata mwenye kofia ya tano, nikamwonyesha kasoro na kumpunguzia bei.

Mafunzo niliyoyapata

1. Malipo ya awali ni amana. Fedha ya mteja si faida mpaka kazi imkabidhiwe. Siku hizi natoa kwanza fedha ya kitambaa na uzi, yaani Sh 5,000 kwa kila kofia, na inayobaki naiweka mpaka kazi ikamilike.

2. Ahidi unachokiweza. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya mavuno. Aliwaelekeza kwamba anayefanya hivyo afanye kwa kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana. Sasa nikifikisha oda nne, ya tano naikataa. Kusema "siwezi" kunauma siku moja, lakini uongo unauma kila mteja anapobisha hodi.

3. Andika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Suratul Baqara aya ya 282, inahusu kuandika madeni. Nina daftari lenye jina, kipimo cha kichwa, fedha iliyolipwa na tarehe ya kukabidhi. Wazee wetu Wamatengo huchimba ngoro mlimani ili mvua isichukue udongo. Daftari nalo ni ngoro ya fedha: bila hilo, kila kinachoingia kinateremka na maji. Daftari hilohilo limenionyesha kwamba Sh 25,000 zinazobaki kwa kazi ya siku ishirini na moja hazifiki hata Sh 1,200 kwa siku. Ndipo nikajifunza kupanga bei.

4. Usifiche kasoro. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa. Akamkemea muuzaji kwa kutokiweka kilicholowa juu, watu wakione. Mshono wangu wa ndani ulikuwa sawasawa na chakula kile.

5. Fundisha wengine. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, katika mkoa wetu huu wa Ruvuma. Alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao. Alifariki mwaka 1972, lakini kwa kuwa alikuwa amewafundisha jamaa zake, kazi haikufa naye. Mwaka 1990 wachoraji waliomfuata waliandikisha chama chao cha ushirika. Wanachuoni wana maneno yao kuhusu kuchora viumbe wenye roho, na hilo tutalisoma katika Fiqhi. Hapa tuchukue lile la kurithisha ujuzi. Mimi sasa nina wasichana wawili ninaowafundisha sindano.

Hitimisho

Msidharau kazi za mikono. Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala. Nabii Daud (a.s.), pamoja na ufalme wake, alikula kwa kazi ya mkono wake. Mama yetu Zaynab bint Jahsh (r.a.) alitengeneza ngozi na kushona, na alichokipata akakitoa sadaka.

Yule mtoto aliyeniuliza swali sasa amefika juzuu ya kumi. Mwaka uliofuata bibi yake alirudi kuniagiza kofia. Alinipa Sh 15,000, akasimama akingoja mpaka nilipoiandika. Nami namjibu mtoto leo: ndiyo, fundi naye yumo katika hatari hiyo, mpaka atubu na kurudisha haki za watu.

Maswali ya kujipima

1. Taja alama tatu za mnafiki. Mwandishi aliangukia zipi?
2. Kwa nini malipo ya awali huitwa amana?
3. Fundi humaliza kofia moja kwa wiki tatu. Zimebaki wiki tisa. Apokee oda ngapi?
4. Waulize wazazi wako: je, tuna deni ambalo halijaandikwa?

Allah (s.w.) atujaalie riziki ya halali na ndimi za kweli. Wabillahi tawfiq.