Tovuti Isizimike Msimu wa Plamsi

Mwaka wa kwanza nilipofungua tovuti ya kuuza matunda ya Lushoto, ilizimika usiku ule nilipoihitaji kuliko wakati wowote. Ilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi. Plamsi zimeiva, matenga 150 yanasubiri basi la Dar, nami saa 2 usiku nikarusha tangazo la punguzo kwenye makundi yote ya WhatsApp kwa mpigo mmoja. Dakika 3 baadaye ukurasa ukawa mweupe.

Nilikimbilia kukodi seva kubwa zaidi. Nayo ikalemewa. Kesho yake nikasoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari, ndipo nikaelewa: kila aliyefungua ukurasa aliilazimisha hifadhidata ihesabu upya matenga yaliyobaki, huku akipakua picha 12 nilizopiga kwa simu kule Irente, kila moja megabaiti 4. Karibu megabaiti 50 kwa mtu mmoja! Kwa mteja mwenye bando la kuungaunga, huo ni uonevu.

Basi anza na picha. Zipunguze hadi chini ya kilobaiti 150. Kwenye simu, tofauti haionekani. Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini na intaneti ikazorota nchi nzima, wepesi huo ndio uliotuokoa. Kisha tumia kashe: seva itengeneze ukurasa wa bidhaa mara moja, nakala hiyo wapewe wote kwa sekunde 60, na hifadhidata iguswe pale tu mtu anapobonyeza "Nunua". Siku ya gulio, mama muuzaji hahesabu matenga kila mpita njia anapouliza bei.

Malipo ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Watu wakiwa wengi, ujumbe wa malipo ya simu huchelewa, na mteja hubonyeza tena. Mama mmoja alinipigia kutoka Korogwe: "Mwanangu, nimekatwa mara mbili, na tenga sijaliona." Nilimrudishia hela yake usiku huohuo, lakini sikulala. Tangu hapo kila oda ina namba yake, na ombi la malipo likiwa bado wazi, la pili halipiti. Tena kabla mteja hajaombwa namba ya siri, tenga hushikiliwa kwa jina lake kwa dakika 10. Asipolipa, linarudi kuuzwa. Ukiuza matenga 160 nawe unayo 150, kuna watu 10 umewaharibia sikukuu.

Wiki mbili kabla ya punguzo, ishambulie tovuti yako mwenyewe. Mimi hutumia k6, programu ya bure, nikiigiza wateja 500 wanaoingia pamoja, kisha natazama ni wapi inaanza kuhema.

Na tangazo ligawe: Dar saa 2, Tanga saa 2 na nusu, Arusha saa 3. Hilo halina gharama hata shilingi moja, na ndilo lililonisaidia kuliko seva kubwa. Weka pia ukurasa wa akiba kwenye seva nyingine, maandishi matupu na namba ya simu. Desemba iliyopita haukufunguliwa. Matenga yaliisha saa 4 usiku, na hakuna aliyekatwa mara mbili.