Sukari Kidogo Mfukoni
Somo kwa mgonjwa wa diabeti anayepunguza uzito



Mgonjwa wa diabeti akiwa mnene, sisi wauguzi tunamwambia: "Punguza uzito." Neno hilo ni la kweli, maana mwili ukipungua, sukari ya damu inatii zaidi. Lakini wengi wanatoka mlangoni wakifikiri tumewaambia wakae na njaa. Hapo hatari ingine inaingia nyumbani: sukari kushuka kupita kiasi.

Mama mmoja wa hapa Simi-Simi alikuwa akimeza glibenklamidi kila asubuhi. Alitaka kupungua mbio mbio. Akaacha chakula cha asubuhi, akaacha kwanga, akabaki na sombe mara moja kwa siku. Kidonge hakukiacha. Siku ya tatu alitoka kwa miguu kwenda soko la mjini, beseni kichwani. Njiani akaanza kutetemeka, jasho baridi likamtoka, akasema maneno ovyo. Watu wakacheka: "Mama huyu amekunywa lotoko." Nyumbani wakasema ni bulozi, wakakaa wakiomba mpaka saa tisa. Alipofikishwa kwetu hakusikia tena mtu. Tone la damu likaonyesha sukari 31, na chini ya 70 ni hatari tayari. Serumu ya glikozi ilipoingia mshipani akafungua macho, akauliza beseni lake liko wapi.

Mimi sikatazi maombi. Ombeni, lakini mkono uende kwanza kwenye sukari.

Kwa nini ilikuwa hivi? Glibenklamidi inasukuma kongosho itoe insulini. Haiulizi kama umekula ao haukule. Sindano ya insulini vilevile: ikiisha kuingia, inafanya kazi yake tu. Munganga alipima dawa yako kwa uzito uliokuwa nao na chakula ulichokuwa unakula. Ukipunguza chakula, ao ukipungua kilo kadhaa, dawa ile ile sasa ni kubwa kwako. Rudi hospitali ipunguzwe. Usiikate mwenyewe, wala usingoje mpaka uanguke. Metformini ikiwa peke yake ni mara chache ishushe sukari namna hii. Basi ujue jina la kidonge chako.

Mtu asiye na diabeti akikosa chakula cha mchana anasikia njaa, lakini ini lake linatoa sukari lililoweka akiba. Akinywa lotoko bila kula, ini linashughulika na pombe, na akiba haitoki vizuri. Kwa mtu wa insulini ao glibenklamidi, pombe juu ya tumbo tupu inaweza kuua.

Dalili uzijue, na watu wa nyumba wazijue: kutetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, macho kuona giza, hasira isiyo na sababu. Usiku ni ndoto mbaya na shuka kulowa jasho.

Ukizisikia, kaa chini. Weka vijiko vidogo vitatu ao vine vya sukari ndani ya maji, unywe. Nusu ya glasi ya Fanta inafaa pia. Ngoja robo saa. Kama haijapita, rudia. Ikipita, kula chakula cha kweli. Hapana kuanza na kwanga: ni chakula kizuri, lakini kinachelewa. Ndiyo maana tunamwambia mtu tuliyemkataza chai ya sukari atembee na sukari mfukoni. Ile si chakula, ni dawa.

Mtu akiwa hajitambui, msimmimine maji kinywani, yataingia mapafuni. Mlazeni kwa ubavu, mpake sukari kidogo iliyoloweshwa ndani ya shavu, mkimbie naye hospitali, hata kwa toleka. Na hata akiamka, alazwe: glibenklamidi inaweza kukaa mwilini siku nzima, na sukari ikashuka tena. Wazee na wenye figo mbaya ndio zaidi. Mwenye malaria anayepewa kinini achungwe pia, maana kinini nayo inashusha sukari.

Sasa, kupungua namna gani? Usianze na chakula, anza na mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori kama 120. Kijiko kidogo cha sukari kina 16 tu. Mama, angalia sufuria yako ya sombe inaogelea namna gani! Pima mafuta kwa kijiko, si kwa chupa. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe samaki wa kuchoma, robo iwe lituma ao kwanga. Kula mara tatu, na ule kabla ya kwenda shamba ao kupiga baisikeli mbali. Nusu kilo kwa juma yatosha.

Juma la kufunga likitangazwa kanisani, mwambie mchungaji una diabeti. Danieli alikataa nyama na divai, lakini mboga alikula.

Ukija kupimwa, leta kaye yako na vidonge vyote ndani ya karatasi zao, hata vile ulivyonunua sokoni.