Migogoro ya Wahusika katika Tamthilia ya Kigogo

Kila msimu wa kusahihisha mitihani mimi hukutana na jibu lile lile. Swali linataka mtahiniwa ajadili mgogoro unaomkabili mhusika fulani. Mtahiniwa anaandika: "Sudi ni jasiri. Sudi ni mzalendo. Sudi ni mwenye msimamo thabiti." Yote ni kweli, lakini hakuna hata moja linalojibu swali. Ameulizwa kuhusu mgogoro, akajibu kuhusu sifa. Alama zinampita huku kitabu anakijua vizuri.

Katika somo hili tutatenganisha mambo hayo mawili, kisha tutafuatilia migogoro ya Sudi, Ashua na Majoka katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea.

Sifa, umuhimu na mgogoro

Sifa ni tabia ya mhusika: yeye ni mtu wa namna gani? Umuhimu ni kazi anayofanya katika kazi ya fasihi: mwandishi amemtumia kuonyesha nini? Mgogoro ni mvutano: mhusika anataka nini, na ni nani au ni kitu gani kinachomzuia?

Kwa hivyo, ukiulizwa kuhusu mgogoro, sharti jibu lako liwe na pande mbili zinazovutana. Ukiona sentensi yako ina upande mmoja tu, jua umerudi kwenye sifa.

Migogoro hugawika hivi:

1. Mhusika dhidi ya mhusika mwingine. Mfano: Tunu na Majoka.
2. Mhusika dhidi ya utawala au jamii. Mfano: wachuuzi wa Sagamoyo na amri ya kufunga soko la Chapakazi.
3. Mhusika dhidi ya nafsi yake. Huu ndio unaowashinda wengi, kwa sababu hautangazwi kwa kelele. Huonekana katika kusita, katika ndoto, na katika maneno ambayo mhusika anayasema kisha anayajutia.

Jambo la kukumbuka ni kwamba migogoro hii haikai kila mmoja katika chumba chake. Mgogoro unaoanzia kwa utawala unaweza kubisha hodi nyumbani kwa mtu, ukaingia hadi moyoni mwake. Hebu tuone.

Sudi na Ashua: siasa inapoingia nyumbani

Sudi ni mchongaji. Sagamoyo inajiandaa kuadhimisha miaka 60 ya uhuru, na utawala wa Majoka unataka vinyago vya mashujaa. Kombe na Boza wanachonga. Sudi anakataa. Kenga anamjia kwa ahadi tamu, lakini Sudi hababaiki. Hata keki ya uhuru haili. Kwake, shujaa wa kweli wa Sagamoyo si yule anayetajwa na serikali. Hapa mgogoro uko wazi: dhamiri ya msanii dhidi ya matakwa ya mtawala.

Wanafunzi wengi huishia hapo. Mtahiniwa makini huuliza swali moja zaidi: je, gharama ya msimamo huu inalipwa na nani?

Inalipwa na Ashua. Soko limefungwa, kwa hivyo riziki yake imekatika. Mumewe amekataa kazi yenye malipo. Watoto wanataka chakula. Ashua ni mwanamke msomi, lakini elimu yake haijamwondolea ufukara. Anaamua kwenda ofisini kwa Majoka kuomba msaada, kwa mwanamume aliyemtaka zamani naye akamkataa akaolewa na Sudi. Fikiria uzito wa hatua hiyo. Kila hatua anayopiga kuelekea mlango ule inamgharimu heshima yake, na kurudi nyumbani mikono mitupu kunawagharimu watoto wake. Huo ni mgogoro wa nafsi, hata kama mwandishi hajaupa jina hilo.

Ofisini, Majoka anataka kuitumia shida yake kumnasa. Husda anapotokea, ugomvi unazuka na Ashua anaishia kizuizini. Sasa Majoka ana chambo: Sudi akichonga kinyago, mkewe atakuwa huru. Sudi anapomtembelea kizuizini, Ashua aliyechoshwa na umaskini anamdai talaka.

Tazama mnyororo huo. Mgogoro wa Sudi na utawala umezaa mgogoro wa mke na mume, na ule wa mke na mume umezaa mgogoro ndani ya nafsi ya kila mmoja wao. Sudi akichonga, atamwokoa mkewe na kuisaliti Sagamoyo. Asipochonga, atailinda Sagamoyo na kumwacha mkewe korokoroni. Hakuna njia isiyo na maumivu. Ndiyo sababu onyesho hili lina nguvu.

Ninawasihi msimhukumu Ashua haraka. Nimesoma majibu yanayomwita "msaliti" au "mwenye tamaa" bila kueleza njaa iliyomsukuma. Vilevile msimfanye Sudi malaika. Jibu bora hutambua kwamba wote wawili wana haki upande wao, na kwamba aliyewagombanisha ameketi ofisini. Huo ndio ujanja wa utawala dhalimu: kuwafanya wanyonge wagombane wao kwa wao.

Majoka: mwenye nguvu asiye na amani

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu Majoka, huandika "katili" na "mwenye tamaa", akafunga ukurasa. Lakini Majoka naye ana migogoro. Nyumbani hana mapenzi ya kweli. Husda anaonekana kuipenda mali kuliko mume. Mwanawe, Ngao Junior, anafariki kwa ajili ya dawa za kulevya. Majoka anazirai, na katika hali hiyo anazungumza na Babu, ambaye amekwisha kufa. Mtu anayewatisha wengine mchana anasutwa na wahenga wake mwenyewe.

Onyesho hilo ni ushahidi wa mgogoro wa nafsi, na pia hueleza kwa nini mwisho wake unafika upesi. Utawala wake umeoza ndani kabla ya kuangushwa kutoka nje. Kingi anapokataa amri ya kuwafyatulia watu risasi, naye Kenga anapomwacha, mti unaanguka kwa sababu mchwa walikwisha kula shina.

Tahadhari kuhusu maigizo na filamu

Tamthilia huandikwa iigizwe. Ukipata nafasi ya kutazama igizo lake jukwaani au lililorekodiwa, litazame. Mwigizaji anaposita kabla ya kujibu, au anapoukwepa uso wa mwenzake, utauona mgogoro wa nafsi ambao ulikupita ukisoma. Lakini waigizaji huongeza vichekesho, hufupisha maonyesho na hubuni maneno yao. Nimewahi kusahihisha jibu lililosimulia tukio ambalo halimo kitabuni kabisa. Tazama igizo ili uelewe, kisha rudi kitabuni ili ujibu.

Swali la kielelezo

Fafanua migogoro miwili inayomkabili Ashua. (alama 4)

Jibu:
(i) Mgogoro kati ya Ashua na mumewe. Ashua anataka familia ikimiwe, ilhali Sudi anakataa kazi ya kumchongea Majoka. Mvutano huu unafikia kilele kizuizini Ashua anapodai talaka.
(ii) Mgogoro wa nafsi. Ashua anataka kulinda heshima yake, lakini dhiki inamlazimu kwenda kuomba msaada kwa Majoka, mtu aliyemkataa awali.

Angalia kwamba kila hoja ina pande mbili zinazovutana na tukio mahususi la kuzithibitisha. Ukiliacha tukio, hoja inabaki nusu.

Zoezi

1. Onyesha jinsi kufungwa kwa soko kunavyozua migogoro Sagamoyo. (alama 6)
2. "Adui wa Sudi na Ashua hayumo nyumbani mwao." Thibitisha kauli hii. (alama 8)
3. Tunu anakataa pendekezo la kuolewa na Ngao Junior. Eleza mgogoro unaodhihirika katika uamuzi huo. (alama 6)

Kabla ya kuandika neno lolote, jiulize: nani anataka nini, na nani anamzuia? Ukishapata majibu ya maswali hayo mawili, umepata hoja yako.