Kupima Uwezo wa Kupanga Baada ya Jeraha la Ubongo

Mtu aliyeumia kichwani aweza kupona jeraha, akasema vizuri, akahesabu bila kosa, na bado akashindwa kuendesha shughuli zake za siku. Huanza kazi tatu asimalize hata moja. Jamaa zake humwita mvivu. Kumbe kilichoharibika ni uwezo wa kupanga, kujizuia na kubadili njia, ambao hutegemea sana sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso.

Upungufu huu hugunduliwaje? Mtihani wa kawaida wa akili waweza usiuone, kwa sababu mtahini ndiye apangaye kazi yote, na mgonjwa hujibu tu. Katika jaribio la karata la Wisconsin, lililotangazwa mwaka 1948, mtu huainisha karata kwa rangi, umbo au idadi ya alama, wala haambiwi kanuni. Huambiwa tu kama amepatia au amekosea. Akipatia mara 10 mfululizo, kanuni hubadilishwa kimyakimya. Mwenye afya hukosea kidogo, kisha hujirekebisha. Mwaka 1963 Brenda Milner, wa Montreal, alionyesha kwamba wagonjwa wa kifafa walioondolewa kipande cha sehemu hiyo ya mbele hung'ang'ania kanuni ya zamani.

Kwa uchunguzi wa haraka kuna kipimo cha Wafaransa cha mwaka 2000: maswali 6, alama 18, dakika kama 10. Swali moja, lililotokana na kazi ya Mrusi Luria, ni kugonga meza kwa ngumi, kisha kwa ubavu wa kiganja, kisha kwa kiganja wazi, kwa utaratibu huohuo. Alama ndogo si hukumu: uchache wa masomo, maumivu au huzuni huweza kuzishusha vilevile.